Majalada ya Mawakili: Tuchague Mitambo kwa Busara

Zamani suala la kuhifadhi majalada ya kesi lilikuwa na jawabu moja tu, nalo ni kabati la chuma lenye kufuli na karani mwenye kumbukumbu njema. Leo mawakili wetu wanaambiwa kwamba kabati limepitwa na wakati, na kwamba ofisi isiyokuwa na programu ya kompyuta ya kuendeshea kesi haitafika mbali. Wauzaji wa programu hizo hawakosekani, maneno yao ni matamu, na picha wanazozionesha katika kioo cha kompyuta zinapendeza macho.

Gazeti hili haliwazuii mawakili kununua. Tunalotaka kulisema ni kwamba swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni hili: siku ofisi ikitaka kuachana na programu yake, itatoka vipi na majalada yake, na yatakuwa katika hali gani? Muuzaji asiyekuwa na jawabu la wazi hapo, mengine yote atakayoyaeleza hayana uzito.

Huenda wako watakaodhani kuwa hili ni jambo la mawakili peke yao, wala halistahiki kuchukua nafasi katika ukurasa huu. Hatukubaliani nao. Jalada halikuwa mali ya wakili hata siku moja. Ndani yake mna hati ya shamba la mjane, mna wosia wa marehemu, mna siri za mfanyabiashara na maelezo ya kijana aliyeshitakiwa kwa kosa ambalo huenda hakulitenda. Vitu hivyo ni amana. Mwananchi aliyekuja Mjini na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki hajui lolote kuhusu programu wala mitambo. Anachojua ni kwamba amemkabidhi mtu.

Haki itamkwe vile vile kwamba hali ya sasa hairidhishi. Ofisi nyingi za mawakili Unguja na Pemba ni ndogo: wakili mmoja au wawili, karani na tarishi. Karatasi zinaliwa na mchwa, zinavunda kwa unyevunyevu wa masika, na hewa ya chumvi inatia kutu pini na vibanio. Tarehe za kesi zimo katika shajara ya mezani. Karani akiugua wiki moja, kesi hutajwa mahakamani na wakili hayupo. Na kesi ya madai ikiitwa mara kwa mara bila ya mdai wala wakili wake kuonekana, inaweza kufutwa. Anayeumia ni mwananchi ambaye amekwisha kulipa ada kwa mikupuo, na ambaye hatajua kamwe kwamba kosa lilikuwa katika ukurasa mmoja wa shajara. Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa na mgeni uzito wa maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni, nayo imemtaja mwandishi na mashahidi kwa urefu. Kwa hiyo tusibishane juu ya haja ya kuweka kumbukumbu vizuri. Tubishane juu ya chombo.

Programu zinazosifiwa sana duniani zilitengenezwa kwa ajili ya mawakili wa Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Clio ilianzishwa Kanada mwaka 2008. LEAP asili yake ni Australia. Aghalabu programu hizi haziuzwi, bali hukodishwa. Kila mtumiaji hulipiwa makumi ya dola kila mwezi, na majalada yenyewe hukaa katika mitambo ya mbali inayofikiwa kwa intaneti. Tuchukue mfano wa dola 50. Ofisi yenye watu wanne italipa dola 200 kwa mwezi, yaani dola 2,400 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka, awe mteja amelipa au hajalipa. Malipo yakikatika, mlango hufungwa na amana imo ndani. Kabati la chuma lilinunuliwa mara moja.

Programu hizo, tena, hupima kazi ya wakili kwa vipande vya dakika sita sita, sehemu moja ya kumi ya saa, kwa sababu mawakili wa huko hutoza kwa saa. Huku kwetu wakili na mteja aghalabu hupatana ada ya kazi nzima, nayo hulipwa kidogo kidogo. Mteja wa Pemba huenda akamaliza deni lake baada ya karafuu kuuzwa. Hatudai kwamba utaratibu wetu ni bora kuliko wao. Lakini anayelipia saa ya dakika sita sita ambayo hataitumia, anamlipia mtu mwengine raha.

Mazingira ya visiwa yana masharti yake. Umeme wa Unguja ulitegemea waya wa baharini kutoka Bara, uliolazwa mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kiliingia gizani kwa takriban mwezi mzima. Na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarejea kwa takriban miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, na Pemba ilikwisha kupata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Hata hivyo waya ni waya. Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mahakama haifungwi. Jaji akiuliza kiapo kiko wapi, wakili hawezi kumjibu kwamba kimo ng'ambo na kinasubiri fundi wa nyaya. Programu inayofaa visiwani ni ile inayoweka nakala kamili ndani ya ofisi, ikafanya kazi hata mawasiliano yakiwa yamekatika, na kisha ikapatanisha kumbukumbu yanaporejea. Muuzaji akidai kuwa yake inaweza, waya wa intaneti na uchomolewe mbele yake.

Lakini mitihani mikubwa zaidi haina uhusiano na umeme.

Mtu wa visiwa hivi huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Wako wenye majina ya nasaba, lakini wengi hawana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Programu ya kigeni hudai jina la ukoo, na karani kwa kulazimika huandika jina la babu. Matokeo yake ofisi hujikuta na wateja mia wa ukoo wa Juma ambao hawana udugu hata chembe, ilhali baba na mwanawe wa kumzaa wametiwa katika koo mbili mbalimbali. Tena jina moja huandikwa kwa njia nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad. Katika hati ya 1960 limeandikwa hivi, katika kitambulisho cha leo limeandikwa vile, na mwenyewe ni yule yule.

Jambo hili si la kuchezea. Wakili anapomkubali mteja mpya, hapana budi aangalie kwanza kama hakuwahi kumtetea mpinzani wake, kwani mtu mmoja hawezi kubeba siri za pande mbili. Mawakili wa ng'ambo huiachia kompyuta kazi hiyo, na ni moja katika sababu kubwa za kununua programu. Kompyuta isiyojua kwamba Mohamed na Muhammad huenda ni mtu mmoja itatoa jawabu kuwa hapana mgongano wa maslahi, na wakili ataliamini kwa sababu limetoka katika mtambo. Karani wa zamani angelikumbuka. Basi programu ya kwetu lazima ipokee majina matatu au zaidi bila ya kuyapanga upya, itafute kwa mlingano wa sauti, na imtambue mtu kwa nambari ya kitambulisho chake pamoja na shehia anayokaa.

Jengine ni tarehe. Mahakama ya Kadhi, inayoendeshwa chini ya Sheria Namba 9 ya 2017, husikiliza mashauri ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu, na humo hesabu nyingi huenda kwa miezi ya mwandamo. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Miezi minne ya mwandamo ni kama siku 118, ilhali miezi minne ya kalenda ya ofisini huwa siku 120 hadi 123. Programu isiyojua Hijria itakosea kwa siku kadhaa, na katika mambo ya ndoa siku kadhaa ni nyingi. Kadhalika sikukuu ya Idd hungoja mwezi uandame, na siku ya mwisho ya kuwasilisha hati mahakamani huweza kuangukia humo. Karani lazima aweze kuirekebisha kalenda kwa mkono wake usiku ule ule, bila ya kumwandikia barua fundi aliyeko Toronto.

Na mirathi? Programu nyingi zinajua kesi yenye mdai upande huu na mdaiwa upande ule. Jalada la mirathi ya visiwani lina warithi thelathini. Baadhi yao wamefariki kabla ya mali kugawiwa, na warithi wao wameingia mahala pao, na baadhi ya hao nao wamefariki. Mashekhe huliita suala hilo munasakha, na ni somo linalowatoa jasho wanafunzi wa elimu ya mirathi. Mikarafuu ilipandwa na babu, anayeichuma ni kilembwe, na baina yao hapana karatasi hata moja iliyotiwa saini. Programu inayofaa ni ile inayomruhusu karani kuandika nani ni mtoto wa nani kwa mama yupi, nani alitangulia kufariki na tarehe gani, maana tarehe hizo mbili zikibadilishana nafasi, mafungu yote hubadilika. Hatutarajii kompyuta imwondolee Kadhi kazi yake ya kugawa. Tunatarajia isiutie nasaba ya watu ndani ya kisanduku chenye nafasi mbili.

Lugha nayo ina uzito wake. Anayejaza programu kila siku ni karani, na karani huyo amezungumza Kiswahili na mteja, amepokea malalamiko kwa Kiswahili, na katika Mahakama ya Kadhi shauri litasikilizwa kwa Kiswahili. Kumfanya atafsiri kichwani kila mstari ni kutafuta makosa. Wako wasemao kuwa Kiswahili hakina maneno ya mitambo. Hao wanasahau kwamba mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili fasaha, kwa kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake, tena ikiwa ni programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuibadilisha. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likikaa na mawakili kwa siku chache, orodha ya maneno ya jalada la kesi itakamilika, maana mengi yapo tayari: jalada, wito, kiapo, kutajwa, kuahirishwa, hukumu, utekelezaji.

Kuhusu usalama tutasema machache, kwa kuwa mifano inajitosheleza. Mwaka 2016 nyaraka milioni 11.5 za ofisi ya mawakili ya Mossack Fonseca ya Panama zilivuja, na ulimwengu mzima ukazisoma. Hatuwasikitikii waliokuwa wakificha mali za watu wao. Lakini njia iliyotumika kuzitoa siri za matajiri ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutumika kuitoa siri ya mke aliyedai talaka. Novemba 2023 kampuni ya CTS ya Uingereza, iliyokuwa ikizihudumia ofisi nyingi za mawakili kwa mitambo yake, ilishambuliwa, na watu waliokuwa wakinunua nyumba wakakwama kwa sababu mawakili wao hawakuweza kufungua majalada. Mtungi mmoja ulivunjika, wakakosa maji watu wa mtaa mzima. Aidha Marekani ilipitisha mwaka 2018 sheria iitwayo CLOUD Act, ambayo inaruhusu vyombo vyake vya sheria kuzitaka kampuni zilizo chini ya mamlaka yake zitoe taarifa zilizohifadhiwa hata nje ya nchi hiyo. Jamhuri ya Muungano nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, yenye masharti juu ya kupeleka taarifa nje. Wakili na ajue jalada la mteja wake limelala katika nchi gani.

Hapa tunafika katika jambo linalowahusu watendaji wa Serikali moja kwa moja. Baadhi yao, wakishasoma yote hayo, watasema: basi Serikali itengeneze programu moja, iiweke katika mitambo yake, na mawakili wote waamrishwe kuitumia. Fikra hiyo ina nia njema, na katika mambo mengine tungeliiunga mkono kwa nguvu zote, maana kujitegemea ni msingi wetu. Katika hili tunaipinga. Serikali ni mdaawa. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi, Namba 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na kwa hiyo taasisi za Serikali huingia mara kwa mara katika mizozo ya mashamba na viwanja. Mwananchi anayepinga kunyang'anywa kiwanja na idara fulani hawezi kuwa na imani na wakili ambaye maelezo yake ya siri yamehifadhiwa katika mtambo wa mpinzani wake, hata kama hapana afisa hata mmoja aliyeyafungua. Tunalisema hili tukiwa watu wa Chama. Mapinduzi ya 1964 yalifanywa ili mnyonge naye awe na pa kusimama mbele ya wakubwa, na leo mkubwa katika kesi huenda akawa idara.

Kazi ya Serikali ni nyengine, nayo haijafanywa ipasavyo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na vitengo vya sheria katika Wizara na Manispaa nao wana majalada. Mara nyingi programu huingia katika ofisi za umma kwa mlango wa mradi: kompyuta, gari na programu hufika pamoja, hotuba husomwa, na mradi ukimalizika leseni nayo humalizika. Gari litaendelea kutembea. Majalada yatabaki yamefungwa ndani ya programu ambayo hapana mwenye fedha ya kuilipia. Tunapendekeza kwamba Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar iandike masharti machache, kwa Kiswahili, na kila ofisi ya umma iyatie katika mkataba kabla ya saini: majalada yote yatolewe kwa mfumo unaosomeka na programu nyengine, pamoja na tarehe zake, majina yake na mpangilio wake; yatolewe kwa siku zilizotajwa; na yatolewe hata kukiwa na mgogoro wa malipo. Chama cha Wanasheria Zanzibar kinaweza kuyachukua masharti hayo hayo kikawapatia wanachama wake, na ofisi ndogo zikaungana kununua kwa bei ya jumla.

Haja ya sharti hilo la kutoka si ya kubuni. Mahakama ya Tanzania Bara ilitunga kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki mwaka 2018, na katika muda wa miaka michache ikauacha mfumo wake wa JSDS na kuhamia katika mfumo wa e-CMS. Mahakama ya Rufani ni ya Jamhuri nzima tangu ilipoundwa mwaka 1979, na wakili wa Zanzibar anayekata rufaa huko hana hiari. Ikiwa mahakama yenyewe, yenye mafundi na bajeti, imebadilisha mfumo katika muda mfupi hivyo, wakili wa Chake Chake asidhani kuwa programu atakayoichagua leo ndiyo atakayostaafu nayo. Kesi moja ya shamba inaweza kuishi kuliko programu tatu.

Ofisi inayokusudia kununua haina haja ya kungoja kamati. Ichukue majalada kumi ya zamani na iyafiche majina ya wenyewe kwa majina mengine ya namna ile ile. Miongoni mwao liwemo moja la talaka lenye eda, moja la kiwanja dhidi ya idara ya Serikali, na moja la mirathi yenye maiti waliofuatana. Muuzaji ayaingize mwenyewe, karani akiwa pembeni yake anamtazama. Siku ya pili intaneti ikatwe kutwa nzima na kazi iendelee. Siku ya tatu muuzaji atakiwe kuyarejesha yote kumi ndani ya diski, na karani ayafungue katika kompyuta nyengine isiyokuwa na programu ile, ahesabu kurasa, alinganishe tarehe, na awatafute wale warithi mmoja mmoja. Wakili asubiri chumba cha pili, na asitie saini yoyote mpaka karani amalize kuhesabu.